Seli Hufa ili Moyo Ujengwe

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo



Katibu aliponiandikia alisema nizungumzie maendeleo ya sayansi ya tiba kwa ujumla. Nilimjibu kwamba mambo ya jumla husahaulika kabla chakula cha mchana hakijapakuliwa. Kwa hiyo nimemwomba ruhusa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni jinsi amri ya kufa iliyomo ndani ya seli inavyoshiriki katika kuujenga msuli wa moyo. Najua maneno haya yanatisha. Mimi mwenyewe sikuyaendea kwa kupenda elimu. Nilipelekwa na taabu ya nyumbani, na nitaanza na taabu hiyo.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima wa migomba na kahawa huko Ngara, upande wa Rulenge. Miaka mitatu iliyopita alianza kuvimba miguu. Akawa hawezi kupanda kilima cha shambani kwake bila kupumzika mara tatu, na usiku alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi ilimkatika. Tulimpeleka hospitali ya karibu, kisha tukampeleka Mwanza. Akaambiwa kwamba moyo wake umetanuka, na msuli wake umelegea hata hausukumi damu ipasavyo. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaonywa asiviache.

Alivimeza kwa miezi minane. Uvimbe ukapungua, akaanza tena kushika jembe. Ndipo akaja muuzaji mmoja na makopo ya unga. Akamweleza kwamba ndani ya makopo hayo mna seli shina zitakazomjengea moyo mpya, na kwamba vidonge vya hospitali vinazizuia zisifanye kazi yake. Bei ya makopo ya miezi mitatu ilikuwa sawa na bei ya ng'ombe wawili. Kaka aliuza mmoja. Wa pili alipokuwa amekwisha fungwa kamba kwenda mnadani, akanipigia simu. Alisema, "Mdogo wangu, wewe umekaa maabara miaka thelathini. Seli hizi zipo au hazipo?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinishinda. Kazi yangu ilikuwa kupima malaria, damu na makohozi. Jibu la kweli lilikuwa "zipo", na jibu hilo likitolewa peke yake lingempeleka mnadani. Nikamwomba anipe juma moja, na ng'ombe arudi zizini. Sikumwuliza kama bado anameza vidonge. Kosa hilo ni langu, na nitalirudia mbele.

Sasa niwaambieni niliyoyasoma katika juma lile, na katika majuma mengi yaliyofuata.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku. Ngozi ikikwanguka huota tena, na damu ikipungua hutengenezwa nyingine, lakini seli za msuli wa moyo huzaana kwa nadra sana. Jambo hili lilipimwa kwa njia ya ajabu. Kati ya mwaka 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani. Kaboni yenye mionzi ikaenea duniani kote, ikaingia katika mimea, katika vyakula, na mwishowe katika miili ya watu. Mwaka 2009 wanasayansi wa Stockholm, Sweden, wakiongozwa na Jonas Frisén, waliitumia kaboni hiyo kama muhuri wa tarehe ili kujua umri wa seli za moyo. Waliona kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hubadilisha chini ya nusu ya asilimia 1. Kwa hiyo seli nyingi za moyo wa mzee ni zile zile alizokuwa nazo utotoni. Zikifa nyingi kwa pamoja, pengo hujazwa na kovu, na kovu halipigi.

Seli shina, kwa upande mwingine, ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Inaweza kuzaa seli nyingine kama yenyewe, au ikageuka kuwa seli ya damu, ya neva, ya ini au ya moyo. Sote tulianza hivyo tumboni mwa mama zetu. Kufika juma la nne, kiinitete cha binadamu huwa tayari kina moyo unaopiga. Wanafunzi wanaotaka kushuhudia jambo la namna hiyo wachukue yai lililoatamiwa siku tatu, walivunje taratibu juu ya sahani. Wataona nukta nyekundu ikidunda.

Je, seli isiyo na kazi hugeukaje kuwa seli inayodunda? Hapo ndipo kifo kinapoingia.

Seli hufa kwa njia zaidi ya moja. Ikiungua, ikipondwa au ikikosa hewa, hupasuka, ikamwaga vilivyomo, na mahali pale hupata moto na kuvimba. Lakini ipo njia nyingine ya utaratibu. Seli hupokea amri, hujikunja, hujikatakata vipande vidogo, na majirani zake huvila vipande hivyo pasipo uvimbe wowote. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliipa njia hii jina la apoptosisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani yanavyopukutika mtini.

Ninyi mliokulia kando ya mto Ruvubu na mabwawa ya Biharamulo mmeiona apoptosisi bila kujua jina lake. Kiluwiluwi akiwa anageuka chura, mkia wake hufupika siku hata siku mpaka ukaisha. Haukatwi na mtu wala hauliwi na samaki. Seli zake hupewa amri, zikafa kwa zamu. Vivyo hivyo mikono yetu. Tumboni vidole vyetu vilikuwa vimeunganishwa kwa utando, na seli za utando huo zilikufa ndipo vidole vikaachana.

Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ya kukatakata huitwa kaspasi. Ziko nyingi, na wataalamu wamezipa namba. Nazifananisha na mapanga. Seli karibu zote huzaliwa nayo mapanga hayo yakiwa yamefungwa ndani ya ala.

Mwaka 1998 watafiti walitengeneza panya wasio na kaspasi ya 8, ambayo hupokea amri ya kufa inayotoka nje ya seli. Mtu angetazamia kwamba panya hao, kwa kuwa wamepunguziwa panga moja, wangekuwa na seli nyingi kupita kiasi. Ikawa kinyume. Walifia tumboni, na msuli wa moyo wao haukuwa umejengeka vizuri. Mwaka huo huo panya walioondolewa protini iitwayo FADD, ambayo ni mshirika wa kaspasi hiyo, nao walifia tumboni, kuta za vyumba vya mioyo yao zikiwa nyembamba. Ikaonekana wazi kwamba moyo haujengeki vyema pale chombo cha kifo kinapokosekana.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2011. Kaspasi ya 8 ina kazi mbili. Huongoza kifo cha utaratibu, na wakati huo huo hukizuia kifo kile cha kupasuka, ambacho huongozwa na protini iitwayo RIPK3. Panya walipoondolewa zote mbili, kaspasi ya 8 pamoja na RIPK3, walizaliwa wakakua, ijapokuwa baadaye tezi zao zilivimba kwa kujaa seli za kinga zilizokataa kufa. Kumbe mwenye panga alikuwa pia mlinzi wa lango.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika seli shina zenyewe. Zina protini iitwayo Nanog, jina lililotokana na nchi ya vijana wasiozeeka katika hadithi za kale za Ireland. Kazi ya Nanog ni kuiweka seli katika hali ya ujana, isichague kazi. Mwaka 2008 watafiti wa Houston, Marekani, walionyesha kwamba seli shina za kiinitete zinapoanza kuchagua kazi, kaspasi ya 3 huchomolewa kidogo tu na kuikata Nanog. Seli haifi. Inaacha ujana. Na huko Ottawa, Kanada, kundi la Lynn Megeney lilikuwa limekwisha onyesha mwaka 2002 kwamba seli changa za misuli ya mifupa zikinyimwa kaspasi ya 3 hushindwa kuungana kuwa nyuzi za msuli. Mwaka 2010 wakaeleza sababu mojawapo: panga hilo huanzisha mikato midogo katika DNA, mikato ambayo hufungua jeni za kazi ya msuli, kisha hutengenezwa tena.

Hata umbo la moyo hutegemea jambo hili. Katika viinitete vya kuku, mahali ambapo mishipa mikubwa huungana na moyo, seli nyingi hufa kwa wakati wake. Watafiti walipozuia kifo hicho, mishipa ilikaa mahali pasipo pake.

Usiku mmoja wa juma lile nilimpigia kaka simu nikamweleza habari hii ya panga linalojenga. Nilidhani atachoka kunisikiliza. Akacheka. "Hiyo ni habari ya mgomba," akasema. "Katika shina moja unaacha mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine unayaondoa, na majani makavu unayapogoa. Anayeogopa panga hapati ndizi za maana. Lakini panga hilo hilo ukimpa mlevi akalitumia usiku kucha, asubuhi huna shamba."

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma maandiko mengi juu ya jambo hili, na sijaona mahali palipoeleza vizuri zaidi. Amri ikiwa ndogo na ya wakati wake, seli shina huacha ujana na kushika kazi ya msuli. Amri ikiwa kubwa, au ikija moyo ukiwa umekwisha komaa, kama katika mshtuko wa moyo, seli hufa kwa wingi na hazirudi.

Hapa napenda wanafunzi wajue kwamba kanda yetu ya ziwa imo katika historia hii. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, alianza kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari za saratani hiyo, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, Tanganyika ikiwamo, akiuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Miaka ishirini na zaidi baadaye, mwaka 1982, ilijulikana kwamba katika saratani hiyo jeni iitwayo MYC imehamishwa mahali pake, ikawa inapiga kelele bila kunyamaza. Jeni hiyo huiamrisha seli izaane. Mwaka 1992 ikaonekana pia kwamba MYC huisukuma seli ife iwapo haipati msaada wa jirani zake. Halafu mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, alichukua seli za kawaida za panya akaziingizia jeni nne, zikarudi kuwa seli shina. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Moja ya jeni hizo nne ni MYC. Jeni ile ile iliyowaletea watoto wa kandokando ya ziwa letu msiba ikawa moja ya funguo za kurudisha ujana wa seli.

Sasa narudi kwenye makopo.

Ni kweli kwamba seli za msuli wa moyo hutengenezwa maabara kutokana na seli shina, na katika sahani hudunda zenyewe. Lakini katika sahani huchanganyika na seli nyingine zisizotakiwa, na seli shina iliyobaki ikipandikizwa kwa mtu inaweza kuwa uvimbe. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2013 njia ya kuzichuja. Waliziondolea glukosi wakazipa laktiki. Seli za moyo huweza kuishi kwa laktiki, na zile nyingine zikafa njaa. Hapo pia kifo kilikuwa chekeche.

Shida kubwa huja baada ya kupandikiza. Seli zinazowekwa katika moyo wenye kovu hufa nyingi sana katika siku chache za mwanzo, kwa kukosa damu na kwa moto wa jeraha. Mwaka 2007 watafiti wa Seattle, Marekani, walilazimika kuzichanganya na dawa kadhaa za kuzuia kifo ndipo zikashika katika mioyo ya panya. Mwaka 2020 madaktari wa Osaka walitangaza kwamba wamembandika mgonjwa tando za seli za moyo zilizotokana na seli za namna ya Yamanaka. Hayo yalifanyika katika chumba cha upasuaji, kwa uangalizi mkubwa.

Basi pimeni wenyewe. Ikiwa seli hai, iliyolelewa na mabingwa na kuwekwa kwa mkono juu ya moyo, hufa kwa wingi hivyo, unga uliokaushwa ukatiwa koponi utafanya nini? Seli ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Mwenye kununua kopo lile amenunua chakula cha bei ya ng'ombe.

Wala msidhani kwamba wanaodanganyika ni wakulima peke yao. Mwaka 2001 kundi la watafiti Marekani lilitangaza kwamba seli shina za uboho hujenga upya moyo wa panya ulioharibika. Fedha nyingi zilitumika na wagonjwa wengi walitumaini. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka makala 31 kutoka maabara ya Piero Anversa, mmoja wa viongozi wa utafiti wa namna hiyo, zifutwe, kwa kuwa zilikuwa na takwimu za kughushi. Sayansi ilijisahihisha kwa sababu wengine walirudia majaribio wakapata matokeo tofauti, wakasema. Wanafunzi wa maabara, daftari la majaribio ni kiapo. Andikeni mlichokiona.

Juma lilipokwisha sikupiga simu. Nilipanda basi kutoka Bukoba, nikapita Biharamulo, Lusahunga na Benaco mpaka Ngara, nikiwa na majibu yangu katika karatasi. Nilimkuta kaka ameketi kitandani, miguu imevimba kuliko mwanzo, midomo imebadilika rangi. Vidonge alikuwa ameviacha majuma matano. Alikuwa ameviacha hata siku ile aliponipigia, nami niliyesomea kazi hii sikumwuliza swali la kwanza ambalo hata mkunga wa kijiji angeuliza. Nilikimbilia seli, nikamsahau mgonjwa.

Tulimpeleka hospitali jioni ile ile. Alilazwa siku tisa. Mungu alisaidia na wauguzi walisaidia, akarudi nyumbani. Moyo wake haukuwa mpya na hautakuwa mpya. Lakini anameza vidonge vyake, anapima uzito kila asubuhi ili ajue kama maji yanajaa mwilini, chumvi amepunguza, na migomba yake anaipogoa mwenyewe, polepole. Ng'ombe yule wa pili amekwisha zaa.

Ndugu zangu, nayafunga maneno yangu kwa mambo matatu.

Kwanza, moyo tulio nao haulipiki, basi tuutunze. Tupimwe shinikizo la damu, hata sisi tunaojiona wazima. Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, apelekwe kituo cha afya, maana maumivu ya koo ya namna fulani yasipotibiwa kwa penisilini huweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo maisha yake yote. Kwa wenye kuhitaji mabingwa, tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam.

Pili, anayewaambia muache dawa za hospitali ili dawa yake ifanye kazi, mwulizeni alichokipima, na kwa nani, na nani mwingine amekirudia. Kabla ya kumjibu, mpigieni simu mtu wa afya. Nanyi mlio watu wa afya, mkipigiwa, ulizeni kwanza vidonge.

Tatu, na hili ni kwa wanafunzi. Kazi ya kujua jinsi amri ya kufa inavyogeuka kuwa amri ya kujenga haijakwisha. Imeanzwa na watu waliotazama viluwiluwi, mayai ya kuku na taya za watoto wa Kampala, vitu ambavyo havikuwa mbali na hapa tulipo. Hadubini ya shule hii mnayo. Mabwawa mnayo. Kaka yangu ana miaka sabini na mmoja, hataingoja kazi hiyo ikamilike. Wajukuu zake wamo katika madawati haya.